Pasi Tatu za Kanana

Nimesoma hadi chuo kikuu, kwa hiyo kosa hili siwezi kuusingizia ujinga.

Majuzi, katika hospitali ya misheni huko Embu, nilimuuliza Sista mkuu kile anachohitaji mpwa wangu Kanana ili asomee uuguzi. "Mwalimu, alete pasi tatu kabla ya Ijumaa," akanijibu.

Nilitoka nikirukaruka kama ndama. Pasi tatu tu! Katika Hali ya Hatari hii iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, bila pasi ya chifu huvuki hata mto. Nikakisia: ya kuja, ya kukaa na ya kurudi. Siku tatu nilimganda chifu wetu wa Githongo mpaka akazipiga mihuri zote.

"Mjomba, labda Sista alitaka..."

"Nyamaza, Kanana. Nani amesoma hapa?"

Ijumaa nikazipanga mezani, kifua mbele. Sista akazitazama. "Mwalimu, nilitaka pasi za mtihani: Kiingereza, hesabu na sayansi."

Kanana akatoa cheti kikapuni, polepole. Zote tatu zilikuwamo.

"Nafasi umepata, binti," Sista akasema, kisha akanigeukia. "Pasi ya kukaa mwachie. Wewe, Mwalimu, chukua ya kurudi."