Sabuni Kwenye Ndoo ya Nyakerario

Tangu asubuhi Nyakerario alikuwa amepita mbele ya tangi la samaki mara kumi na moja, kila mara akiwa na tambara mkononi ili atakayemwona afikiri anafuta vumbi. Hakuwa anafuta chochote. Alikuwa ananusa. Maji yalikuwa yameanza kunuka tena, na lile tumbawe la zambarau ambalo wageni walipenda kupiga picha nalo lilikuwa limejikunja tangu Jumapili, likagoma kufunguka.

Tangi hilo la maji ya chumvi, refu kama kitanda, lilikaa ukumbini mwa Hoteli ya Kilimani, mjini Kericho, mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kuiona bahari hata siku moja. Mwenye hoteli alilileta mwaka 1992 pamoja na fundi kutoka Mombasa. Fundi alistahimili baridi yetu miezi minane, kisha akafunga virago. Katika miezi hiyo minane Nyakerario, aliyekuwa akipiga deki ukumbini, alimchosha kwa maswali huku akikamua tambara. Fundi alipoondoka kazi ikamwangukia yeye, bila cheo, bila hata barua.

Kabla ya hoteli alikuwa amechuma chai miaka kumi na minne, kwenye shamba lile lile ambako mama yake alifika kutoka Kisii akiwa amembeba mgongoni. Miaka kumi na minne mtu anapima kikapu chako, hakuulizi unafikiri nini. Hapa hotelini wageni walimwuliza: huyu samaki anakula nini, yule amejificha kwa nini? Naye alijibu, na walimsikiliza. Ndiyo maana maneno ya meneja, Bwana Obiero, yalimkosesha usingizi. "Mashine ikishindwa kusafisha haya maji wiki hii," alisema, "tunamwaga yote. Tunaweka televisheni hapo."

Jumanne hiyo muuzaji angeleta mashine mbili, ichaguliwe moja.

"Hiyo mashine inafanya nini hasa?" aliuliza Aron, mpishi, akiegemea mlango wa jikoni.

"Ukichemsha maharagwe, ule uchafu unaopanda juu na povu, si unauengua na mwiko? Basi. Inapuliza hewa ndani ya maji, uchafu unashika kwenye povu, povu linapanda kwenye kikombe, unamwaga. Inaitwa skima."

"Kumbe ni mwiko tu! Chukua wangu basi. Au niletee hao samaki niwakaange, shida iishe."

"Jaribu uone, Aron. Nitakutia wewe kwenye hayo mafuta."

Muuzaji, Bwana Kepher, alifika saa tano, viatu vikimetameta. Mashine moja ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye pampu iliyonguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Nyingine ilikuwa bomba jembamba la plastiki, na chini yake kipande cha mbao kisichozidi kidole gumba, ambacho hewa ilipenya ndani yake.

"Mama Bonareri!" Obiero alimwita kwa jina la bintiye. "Maji kwenye ndoo! Haraka, Bwana Kepher ana safari."

Nyakerario alikimbia. Alinyakua ndoo iliyokuwa karibu, akaijaza bombani, akaileta ukumbini. Wageni watatu waliacha chai yao, wakasogea. Kepher alitumbukiza mashine kubwa, akawasha. Povu likaja mara moja, jeupe, zito, likapanda bomba, likajaza kikombe, likamwagika hadi kwenye vile viatu.

Watu wakapiga makofi.

"Mnaona?" Kepher alisema, akifuta kiatu. "Hii ndogo hata haina haja ya kujaribiwa."

"Tosha," alisema Obiero. "Ingiza ndani."

Nyakerario hakupiga makofi. Alikuwa akiiangalia ndoo: ya manjano, yenye ufa karibu na mkono. Ndoo aliyopigia deki veranda alfajiri kwa sabuni ya unga. Alikuwa ameimwaga. Hakuwa ameisuuza.

Kepher alikuwa tayari ameinua mashine, inatiririka maji, anaelekea tangini. Nyakerario alijua sabuni inafanya nini mle ndani. Mwaka juzi mtu alichovya glasi yenye mabaki kidogo tu ya sabuni, na kufikia jioni samaki watatu walikuwa wanaelea. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, atakuwa amejichongea mwenyewe mbele ya wageni.

Akasimama kati ya Kepher na tangi.

"Hapana."

"Hapana nini?" Obiero aliuliza.

"Hilo ni povu la sabuni. Ndoo ni yangu ya deki, na sikuisuuza. Makosa ni yangu, Bwana Meneja. Lakini mashine hiyo isiingie humu, itaua kila kitu."

Kepher alicheka kidogo. "Mama, povu ni povu."

"Basi onja."

"Nini?"

"Si umesema povu ni povu? Onja."

Wageni walikuwa wanamtazama. Kepher alichovya kidole, akakilamba, uso ukamkunjamana, akatema kwenye leso. Mmoja wa wageni alicheka hadi akakohoa. Obiero hakucheka.

"Sasa unataka tufanye nini?" alimwuliza Nyakerario, polepole.

"Zisuuzwe zote mbili. Nichote maji machafu ya tangi yenyewe, tuzijaribu kwa hayo. Maji ya bomba hayana chumvi, hata hayatoi povu la maana."

"Mpaka saa tisa," alisema Obiero. "Zaidi ya hapo, hapana."

Aron alitoa sufuria zake mbili ndefu huku akinung'unika. Nyakerario alizisuuza mara nne, mashine nazo mara nne. Akachota maji ya tangi, mashine zikatumbukizwa humo, kisha wakangoja. Ile kubwa ilinguruma, viputo vyake vinono vikapanda na kupasuka kama maji ya chai yanayochemka, kikombe kikabaki kikavu. Ile ndogo ilitoa viputo vyembamba kama unga, hadi maji ndani ya bomba yakaonekana kama maziwa. Lakini povu lilipanda nusu, likashuka, likapanda, likashuka. Saa saba. Saa nane. Nje mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya michai, na Kepher alitazama saa yake kila dakika. Nyakerario alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Itakuwaje umeme ukikatika sasa? Taa ilififia mara moja, akajikuta ameshika ukingo wa meza.

Saa tisa kasorobo povu lilivuka shingo ya bomba. Lilikuwa la kahawia, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Aron alinusa kikombe, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hiyo siwezi kukaanga," alisema.

"Lakini mbao inaziba," Kepher alisema haraka. "Kila baada ya wiki chache unaibadilisha. Na inatoka ng'ambo."

Nyakerario alichukua kipande cha mbao cha akiba kilichokuja na mashine, akakigeuza mwangani. "Mbao tunazo. Kuna seremala kule mjini Litein, tutajaribu yake."

Obiero alitazama kikombe, akatazama mashine kubwa. "Niachie ndogo," alimwambia Kepher. Kisha akamgeukia Nyakerario, naye akajiandaa kukemewa. "Na ile ndoo?"

"Ninunulie nyingine, Bwana Meneja. Ya samaki peke yao."

Ilipokuja, ya buluu, aliiandika ubavuni kwa rangi ya kucha ya binti yake Bonareri: SI YA SABUNI.

Siku ya tatu, akipita kwa mara ya tisa, aliona ncha mbili za tumbawe la zambarau zimefunguka, mbili tu. Hakumwita mtu. Alitoa kikombe, akaenda kumwaga uchafu, akarudi mbio kuangalia kama bado zimefunguka.