Kontena Lisilo Langu

Uvumilivu wangu uliniishia kwenye soko la vitambaa la Zhongda, hapa Guangzhou, nikiwa nimeshika ncha moja ya kitambaa cha pazia. Ncha ya pili alikuwa nayo mteja wangu, mama mtu mzima wa Kariakoo asiyeamini vipimo vya mtu mwingine. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni. Simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu wa kike, yuko Dar es Salaam, ofisi ya serikali ya mtaa, ananong'ona kama yuko msibani. Mtendaji alikuwa amekataa tena kusaini fomu yake ya mkopo wa chuo. Nikamwambia ampe simu.

"Wewe ndiye dada wa China?" mtendaji akaniuliza.

Nikamjibu ndimi, nikamsalimia kwa adabu zote.

"Sasa dada, nyinyi mnataka kumnyang'anya mtoto wa maskini nafasi yake. Juzi nimeona kontena lako kwa macho yangu."

"Kontena gani?"

"Umeegemea mlango wake, umevaa miwani. Nikutumie picha?"

Niliachia kitambaa. Niliyomwambia baada ya hapo siyaandiki hapa. Zhongda ni soko la makelele, mikokoteni inakupigia honi hadi miguuni, lakini siku hiyo watu waligeuka kuniangalia mimi. Mtoto akaamka, akaanza kulia. Mwenye duka, ambaye sisi tunamwita laoban, yaani bosi, akanisogezea kigoda cha plastiki na maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi, maana huku maji ya moto ndiyo dawa ya kila kitu. Mteja wangu alikunja kitambaa mwenyewe.

"Kaa kwanza, mwanangu," akaniambia. "Unanyonyesha wewe. Hasira itaingia kwenye maziwa."

Nilipotazama simu, mtendaji alikuwa ameshakata zamani.

Hilo kontena nilieleze. Kazi yangu ni kuwatembeza wafanyabiashara wanaotoka nyumbani. Nawapokea uwanja wa ndege wa Baiyun, nawaleta Zhongda, nabishana bei kwa Kichina nilichookota humu humu sokoni, napima, nafungisha marobota, nasimamia mzigo ukipakiwa kwenda bandari ya Huangpu. Mzigo ni wao. Changu ni ujira. Siku ya kupakia napiga picha naweka status: mzigo umefungwa, karibuni oda mpya. Status ndiyo duka langu, sina lingine. Kila wakala hapa anafanya hivyo hivyo, anaegemea mlango wa kontena la mtu na kutabasamu. Hakuna anayeweka picha ya tambi alizochemsha na yai, kwenye jiko lile lile linalochemsha maji ya kumwogeshea mtoto. Utampata mteja gani kwa picha hiyo?

Mume wangu anasoma hapa kwa ufadhili. Posho inamtosha yeye. Mimi na mtoto hatumo kwenye hesabu ya wafadhili, na sawa, hawakutuita. Ndiyo maana nafanya kazi na mtoto mgongoni.

Nyumbani baba alifariki mdogo wangu akiwa bado shule ya msingi. Mama anafanya usafi kwenye zahanati. Mimi niliishia kidato cha nne na sijawahi kukaa nikalilia jambo hilo, ila tulikubaliana nyumba nzima kwamba huyu wa mwisho asiishie hapo. Hakuishia. Amemaliza kidato cha sita, amefaulu, amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji. Bila mkopo haendi. Mama hawezi kumlipia, mimi siwezi, na dirisha la maombi lilikuwa linakaribia kufungwa. Suala lote lilikuwa hilo tu.

Lakini kuomba mkopo kumbe ni kazi ya ukoo mzima, na ukoo wenyewe ndio huu wangu. Cheti cha kifo cha baba kilikuwa kwa baba mdogo, ambaye alikihifadhi vizuri sana mpaka akasahau alikihifadhi wapi. Kilipatikana ndani ya sanduku la cherehani ya mkewe, baada ya mkewe kulaumiwa kuwa ndiye aliyekipoteza. Ikaja zamu ya mdhamini. Baba mdogo huyo huyo akakubali kudhamini, kisha akauliza kwenye kundi la familia kama mtoto akishindwa kulipa watachukua kiwanja chake. Nikamweleza. Akasema ameelewa kabisa, mwanangu. Kesho yake akauliza kuhusu pikipiki.

Mdogo wangu aliyafuatilia yote hayo kwa miguu, jua la Dar likimchoma. Kila karatasi ilipatikana. Ikabaki saini moja, ya mtendaji wa mtaa.

Mara ya kwanza alisema mpaka aje aone nyumba. Akaja, akakaa, akaangalia mapazia. Mapazia yale ni vipande vya mwisho wa majora ambavyo laoban hunipa bure, nikaviunga, nikamtumia mama kwenye kona ya mzigo wa mteja mwenye huruma. Mtendaji akasema nyumba ina uwezo, akaondoka. Baba mdogo akashauri kwenye kundi kwamba mama ayashushe mapazia, atundike kanga, halafu mtendaji aitwe upya. Mimi nikaunga mkono. Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti, na ninao hadi leo.

"Sishushi. Mtu huyu amekula pilau yangu kwenye arobaini ya marehemu. Leo anipime ufukara kwa pazia?"

Nilimkasirikia mama siku hiyo. Nilitaka tupate saini, yeye anataka heshima, na mapazia yakabaki juu.

Mara ya pili mtendaji alisema hana nafasi. Hapa sokoni muuzaji asiyetaka kukuhudumia anakwambia meiyou, hakuna, bila kuinua macho kwenye simu yake. Nilidhani wao ndio mabingwa. Mtendaji wetu anawazidi, kwa sababu ile simu anayoikodolea macho, kumbe ndani yake ananiangalia mimi.

Na namba yangu aliipata wapi? Aliiomba kwa mama, mwaka wa nyuma, akanitafuta akitaka kitambaa cha makochi. Nimtumie, kikifika atalipa. Nikamwambia huku hakuna mali kauli, tuma hela kwanza. Akajibu kwa kidole gumba. Tangu hapo hajakosa kuangalia status yangu hata moja.

Basi siku ile nilipofika chumbani nilikuwa nimeshaandaa kichwani ujumbe wa matusi. Mume wangu akanisikiliza mpaka mwisho, akambeba mtoto, akaniambia, "Ukimtukana utakuwa umemsaidia. Andika malalamiko, mama watoto. Kwa karatasi."

Akataka aniandikie yeye. Akaanza na "kwa heshima na taadhima na unyenyekevu mkubwa". Nikamnyang'anya kalamu, maana unyenyekevu ndio uliotufikisha hapo. Tukabishana. Aliniomba nitoe habari ya makochi, nikakataa. Alichokiweka yeye ni neno moja tu, YAH, na anwani juu.

Mdogo wangu aliichapisha barua hiyo, akaipeleka ofisi ya kata na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, akakaa kwenye benchi mpaka wakamgongea muhuri wa kupokelewa. Picha ya muhuri nikaiweka status, katikati ya picha za majora ya pazia. Mtendaji aliiangalia. Barua ilisema hivi:

YAH: MTENDAJI WA MTAA KUKATAA KUSAINI FOMU YA MKOPO

Mimi ni dada wa mwombaji, naishi Guangzhou. Mtendaji wa mtaa wetu amekataa kusaini fomu ya mdogo wangu kwa sababu ameona picha yangu nikiwa na kontena. Kontena si langu. Naambatanisha orodha ya mzigo yenye jina la mwenye mali, ambaye ameridhia, pamoja na mkataba wa chumba tunachopanga watu watatu.

Fomu inamtaka mtendaji athibitishe mambo mawili: kwamba mwombaji anaishi mtaani kwake, na kwamba baba yake amefariki. Yote anayajua. Msibani alikuwepo. Fomu haimuulizi nani tajiri, hilo wataamua wanaotoa mkopo. Hata mapazia ya mama yangu haiyaulizi.

Mtendaji huyo aliwahi kuniomba kitambaa cha makochi kwa mali kauli, nikakataa. Sisemi kwamba ndiyo sababu. Nasema mlijue.

Naomba asaini. Kama hasaini, aandike sababu kwa mkono wake na agonge muhuri, tujue pa kuipeleka. Dirisha likifungwa fomu ikiwa bado mezani kwake, mdogo wangu atakaa nyumbani, na ofisi yenu itakuwa ilijua mapema.