Muscadet na ndagala zangu

Leo mteja Mfaransa amekula chakula changu cha mchana, na kazi bado ninayo.

Mimi ni mhudumu wa mgahawa hapa Joburg. Madame mmoja aliagiza Muscadet, divai nyeupe ya kwao, akaniuliza ale nini nayo.

Nikajibu, "Samaki wadogo wa kukaanga, na limau."

Eish. Kwenye menyu hawamo.

Bosi alikuwa nyuma yangu. "Unauza kitu ambacho hatuna?"

Nikamwambia Madame ukweli: ninazo ndagala zangu za mchana, dagaa wa kwetu Uvira, Kongo; nimezikaanga asubuhi nyumbani Yeoville.

Akasema, "Lete."

Akala, akanywa, akafumba macho. "Kwetu baharini tunakula hivi hivi."

Bosi akaonja moja. Halafu nne.

Kuanzia Ijumaa ziko kwenye menyu, na mkaangaji ni mimi.

Watu wa Uvira, semeni kitu.