Madigadi Chini ya Kitanda

Mwaka ule nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Thika, nikilala Ruiru. Wenzangu walishangaa. Thika kulikuwa na vyumba vya makapera, vitanda vinne kila chumba, hatua chache kutoka kwenye king'ora cha kazi. Mimi nilichagua chumba cha peke yangu Ruiru kwa sababu kilikuwa karibu na kijiji alimokuwa mke wangu.

Nasema kijiji, lakini hakikuwa kijiji chetu cha zamani. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari. Watu wa vilima vya juu ya Ruiru walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao na kukusanywa pamoja, nyumba safu kwa safu, na handaki lenye vijiti vyenye ncha kali kuzunguka pande zote. Mke wangu alikuwa humo na mtoto wetu wa kwanza. Yeye hakupewa pasi ya kutoka. Mimi nilipewa pasi ya kwenda kumwona Jumapili, na lango lilifungwa saa kumi jioni.

Basi baisikeli yangu ilikuwa na kazi mbili. Siku sita ilinipeleka Thika kwa barabara ya lami, katikati ya mashamba ya kahawa na mkonge. Siku ya saba ilipanda njia ya udongo mwekundu kwenda kijijini. Nilikuwa na daftari dogo ambamo niliandika muda wa kila safari, na hali ya hewa pembeni. Sikuwa na mtu wa kumwambia mambo hayo jioni, kwa hiyo niliyaandika.

Matairi yalipoisha, karibu na mvua za masika, nilikwenda kwa fundi aliyekaa chini ya bati karibu na stesheni ya reli. Alikuwa mtu wa magharibi, mwenye mikono mikubwa. Alinitolea matairi ya aina mbili, yote yakikaa kwenye rimu yangu: jembamba la inchi moja na nusu, na pana la inchi moja na robo tatu.

Nikamwambia nataka lile pana.

"Karani, umeanza kubeba mitungi ya maziwa?" akauliza.

"Nataka kufika kwa mke wangu mvua ikinyesha."

"Basi chukua jembamba. Udongo wenu huu ni gundi. Jembamba litaukata mpaka lifike chini kwenye ugumu. Hili pana litaubeba wote, mpaka mama akuulize kama umemletea shamba."

Watu wawili waliokuwa wakingoja pampu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo wiki nzima, kwa mpangilio, kama nilivyofikiria kila kitu: njia laini huzamisha, kitu kipana hakizami. Hata kwenye daftari nilikuwa nimeliandika hivyo.

"Nipe pana," nikasema.

"Sawa, mzee. Lakini toa madigadi, matope yapate pa kutokea."

Hapo ndipo nilipokataa kabisa. Siku zile karani alijulikana kwa shati jeupe. Baisikeli bila madigadi humchora mtu mstari wa matope mgongoni, kutoka kiunoni mpaka kwenye kola, na mwenye mstari huo aliitwa kibarua hata kama alijua kusoma. Nilitaka mke wangu anione nikifika jinsi alivyoniona nikiondoka. Fundi akafunga matairi, akaacha madigadi mahali pake.

Siku sita kwenye lami zilikwenda vizuri, ila baisikeli ilikuwa nzito zaidi. Usiku wa kuamkia Jumapili mvua ikanyesha. Nilitoka saa sita mchana baada ya ibada, na pakiti ya sukari na kipande cha sabuni nimevifunga kwenye keria. Kwa kawaida safari ile ilichukua muda usiofika saa mbili.

Kilima cha kwanza nilikipanda vizuri, nikajipongeza. Kwenye cha pili gurudumu la mbele likaanza kunung'unika, kisha likasimama. Udongo ulikuwa umejaa kati ya tairi na madigadi, umeshikana kama ukuta. Nikavunja kijiti, nikaukwangua. Nikasogea hatua ishirini hivi, likasimama tena. Spana ya kufungulia madigadi nilikuwa nimeiacha chumbani. Mwishowe nikaibeba baisikeli begani, nayo ikiwa na uzito wa udongo wote ule.

Nilifika lango limefungwa. Homugadi, askari mlinzi wa kijiji, aliyekuwa zamu tulitahiriwa naye mwaka mmoja, kwa hiyo tuliitana wakini, yaani mtu wa rika langu.

"Wakini," nikamwambia, "nifungulie kidogo tu."

"Wakini, ningefungua. Lakini mkubwa yuko humu ndani leo. Unataka tulale wote korokoroni?" Akachukua sukari na sabuni akaahidi kuvipeleka, na kweli alivipeleka.

Mke wangu alikuwa upande wa pili wa handaki, mtoto mgongoni. Nilijua alikuwa pale tangu mchana, kwa sababu mtoto alikuwa amelala na shuka yake imelowa manyunyu ya mchana. Fundi alikosea jambo moja tu: mke wangu hakuniuliza kama nimemletea shamba. Aliitazama baisikeli, akanitazama mimi.

"Umekula?" akaita.

"Nimekula," nikajibu, na haikuwa kweli.

Alitaka kumgeuza mtoto nimwone uso, lakini filimbi ikapigwa na wanawake wakaambiwa waingie. Katika daftari, siku ile niliandika saa ya kufika tu.

Jumatatu jioni nilirudi kwa fundi. Akaitazama baisikeli, akachukua matairi membamba. Madigadi niliyafungua mwenyewe, nikayasukuma chini ya kitanda.

Jumapili iliyofuata mvua ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Gurudumu lilikata udongo, likaurusha, likaendelea. Nilifika kabla ya saa nane, na mstari mwekundu mgongoni mpaka kwenye nywele. Mke wangu alinizungusha akaucheka sana, na mtoto akalia kwa kutonijua.

"Karani mzima! Vua hilo shati," akasema.

Akalifua kwa sabuni ile ile, akalitandaza juu ya moto. Saa kumi ilipokaribia lilikuwa bado bichi. Nililivaa hivyo hivyo. Niliporudi Ruiru lilikuwa limechafuka tena mgongoni, lakini kifuani lilinuka moshi wa jikoni kwake. Nililala nalo.

Madigadi yale hayakurudi kwenye baisikeli. Kiwandani wakaanza kuniita kibarua, nami nikaitika.