Nepi Nyeupe Juu ya Kiti cha Ngozi

Siku ya kwanza kazini niliingia gereji nikiwa na mtoto mgongoni. Msimamizi alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Mama, kliniki iko kule juu. Hapa tunatibu magari."

"Nimekuja kazini," nikamjibu. "Fundi Mkuu ameniita."

Ilikuwa Tanga, miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja na nimesoma shule ya misheni hadi darasa la kumi. Mume wangu alikwenda Mombasa kutafuta kazi. Kazi akaipata, na mke mwingine akampata. Mimi nilibaki na Agnesi, chumba kimoja Ngamiani, na hasira za kutosha mtaa mzima.

Fundi Mkuu aliniajiri kwa mambo mawili: nilijua kushona, na niliweza kusoma Kiingereza cha kwenye makopo ya dawa za viti. Mafundi wake walikuwa hodari wa injini, lakini viti vya ngozi walivisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka vikapasuka kama kisigino cha kiangazi.

Ninyi mnaopuliza dawa na kufuta mara moja, sikilizeni jinsi tulivyofanya. Kwanza brashi laini kwenye mishono, kwa sababu vumbi la barabara ya Muheza hukaa humo na kukata uzi. Kisha sabuni ya matandiko, ile ya kusafishia matandiko ya farasi. Unachukua povu tu, maji unayaacha, kwani ngozi ikinywa maji hukakamaa. Magari ya mashamba ya mkonge tuliyarudia mara mbili: utomvu wa mkonge huja na suruali za mameneja, na jinsi unavyowasha mwili ndivyo unavyoila ngozi. Hapo unakausha kivulini, unapaka mafuta ya kulainisha, na juu yake nta ya nyuki, nyembamba sana, kuzuia ukungu wa masika.

"Hii ngozi ilikuwa mnyama," Fundi Mkuu alizoea kusema. "Ilishe, lakini usiivimbishe tumbo."

Mwezi wangu wa tatu, kopo la mafuta ya kulainisha likaisha, na meli ilikuwa haijaleta jingine. Wakati huohuo likaletwa gari la mzee mmoja wa Kiarabu, mwenye mashamba ya minazi Pangani. Alilitaka Ijumaa asubuhi. Mimi, msomi, sikumuuliza mtu. Kwetu mafuta ya nazi hupakwa kila kitu: nywele, mtoto, mkanda wa baba. Nikavipaka viti vyote. Viling'aa! Asubuhi ile ya ubaridi ukivigusa ni vikavu kabisa, nami nikajisifu moyoni.

Mchana gari likasimama juani nje ya msikiti wakati watu wakisali. Jua likayayeyusha mafuta yaliyoganda kwa ubaridi, yakatoka yote juu. Mzee akatoka, akakaa. Saa nane alikuwa mbele yetu gerejini, na nyuma ya kanzu yake nyeupe lilikuwapo doa kubwa kama sinia.

"Minazi ni yangu," alifoka, "lakini sikuagiza kuivaa!"

Msimamizi akacheka, kisha akamgeukia Fundi Mkuu. "Si nilisema? Mpe mwanamke gari, atalikaanga. Aondoke leo."

Nilijua kuondoka maana yake nini: kurudi kwa wakwe, nipike, ninyamaze, nimngoje mwanamume asiyerudi. Hasira zilinipanda, na nyingi nilizielekeza kwangu mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. "Nimepaka mimi, sikutumwa na mtu. Niachie gari mpaka Ijumaa ijayo. Likikuchafua tena, nitaondoka mwenyewe, Msimamizi asipate taabu ya kunifukuza."

"Marahaba," akajibu, mkono bado umeshika kanzu nyuma. "Na huyo mtoto, umempaka nazi?"

"Nimempaka."

"Basi asikalie kiti changu."

Fundi Mkuu akanipa wiki ile moja. Dawa ya kuyatoa mafuta yale hakuijua, wala hakuna kopo lililoiandika. Nikakumbuka mama yangu alivyokuwa akitoa madoa ya mafuta kwenye nguo kwa unga wa muhogo. Nikaliweka gari juani mpaka viti vikatoka jasho, nikamwaga unga, nikauacha unywe, nikaupangusa kwa brashi, nikaanza upya. Siku ya kwanza unga ulitoka mabonge ya kahawia. Siku ya tano ulitoka mweupe kama ulivyoingia. Ndipo nikaja na povu, kivuli, na nta.

Ijumaa nililiacha gari juani tangu asubuhi, makusudi. Mzee akaja na kanzu mpya, akasimama mlangoni mwa gari, hakai.

"Kaa wewe kwanza," akamwambia Msimamizi. Msimamizi akaitazama kaptula yake nyeupe, akarudi nyuma hatua mbili.

Nikachukua nepi safi ya mwanangu, nikaitandaza kitini, nikapanda kwa magoti yote mawili, Agnesi mgongoni, nikakandamiza. Nikahesabu hadi mia kwa sauti. Nikaichomoa nepi, nikamwinulia Msimamizi usoni.

"Soma," nikamwambia.

Ilikuwa nyeupe.

Mzee akakaa, akatulia, akashuka, akampa Msimamizi mgongo. "Haya, nitazame." Ikabidi Msimamizi ainame aichunguze kanzu.

"Safi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Tangu siku hiyo Fundi Mkuu aliamuru gari lisitoke bila kupimwa kwa nepi. Nilipopelekwa karakana ya shamba la mkonge Korogwe, nilikwenda nayo. Niliporudi Tanga kuwa msimamizi wa viti, niliwakuta mafundi wenye ndevu wakiulizana, "Jamani, nepi iko wapi?" na hakuna aliyecheka. Kosa langu sikulificha. Kila fundi niliyemfundisha nilimweleza habari ya nazi kabla sijamwonyesha brashi.

Siku ya kustaafu walileta gari la kunirudisha nyumbani. Nikafungua mlango. Fundi mmoja akaniwahi, akatandaza kitambaa cheupe kitini, akapanda magoti, akahesabu hadi mia, akaniinulia nikione.

Nikakaa. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe, makusudi.