Machujio ya Nizwa

Mama yangu ana machujio ya chai kumi na moja. Mtu mwenye akili zake hahitaji machujio kumi na moja, na yeye mwenyewe hutumia moja tu, la zamani, lililotoboka pembeni. Mengine yamo kwenye droo ya jikoni kwetu Ibra, Oman, bado yamo ndani ya nailoni zake, na kila nikiivuta droo ile kutafuta kisu hasira hunipanda. Yote yametoka duka moja la Nizwa, na yote yalinunuliwa ili kadi isife.

Kadi hiyo alipewa na duka la samani na vyombo vya umeme, mwaka alionunua friji baada ya baba kufariki. Mwenye duka alimwambia kuwa mteja kama yeye anastahili kuchukua kitu leo na kulipa kidogo kidogo. Ilikuwa na jina lake, si la baba wala la kaka zangu. Aliitia kwenye kibeti, na tangu hapo haikutajwa ila kwa heshima. Baadaye ukaja ujumbe kwenye simu yake, nikamsomea mimi mwenyewe: kadi ikikaa mwaka mzima bila ya kutumika, hufungwa. Hapo ndipo safari zilipoanza.

Nilikuwa sijapata kuona upuuzi kama ule. Mama hapendi kukopa. Akisikia mtu kachukua gari kwa mkopo hukunja pua na kusema, kukopa harusi, kulipa matanga. Sasa mtu huyo kadi ya mkopo ya nini? Nikimuuliza hujibu kuwa akiba haiozi, na kwamba ipo siku. Siku yenyewe haitaji, lakini nilijua anachokiogopa: kumwomba mwanawe wa kiume kitu cha nyumbani, na mke wa mwanawe kakaa pale pale anasikiliza. Kwa hilo sikumlaumu. Kaka zangu ni wawili, mmoja yuko Sur na mmoja Samail, wote wana mishahara mizuri, na wote wakiombwa kitu husema inshallah kwa namna inayokufanya ujute kufungua mdomo.

Basi kila mwaka, kabla ya Ramadhani, tuliingia garini asubuhi. Mudhaibi tulitia petroli, kisha tukashika njia ya Nizwa, yeye kibeti kakipakata mapajani kama kina yai. Tukifika mbele ya duka hujitengeneza mtandio, akaingia peke yake. Mimi nilibaki garini, kiyoyozi kinawaka. Sikutaka kuonekana. Nani atasimama nyuma ya mama mtu mzima aliyekata njia yote ile kuja kununua chujio? Hata keshia, ambaye sikumjua, nilimdharau kwa kicheko nilichodhani anamcheka. Mama hutoka na kifuko chake, uso umemchanua. "Wameiona," husema. Nami nikitia gia, tukaondoka.

Mwezi wa sita uliopita, kiyoyozi cha chumbani kwake kilikufa. Fundi alikifungua, akakitazama, akasema hiki cha kutupa. Chumba bila ya kiyoyozi Ibra mwezi wa sita hakilaliki, kwa hiyo mama akawa analala kwenye majlisi, chumba cha wageni, godoro chini, kila apitaye anamwona. Nilimwambia nitanunua mimi. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Wewe una watoto wako," alisema. "Chumba changu n'takipoza mwenyewe. Twende Nizwa."

Safari hii niliingia naye, na sitadanganya kuwa niliingia kwa wema. Nilitaka kuiona kadi hiyo tukufu ikifanya kazi. Mama alichagua kiyoyozi, akaenda kaunta, akaiweka kadi mbele ya keshia kwa mkono wa kulia. Keshia alikuwa kijana mwenye kanzu nyeupe pe. Aliposikia tunasema Kiswahili akampa mama shikamoo, akaingia nacho na yeye, Kiswahili cha kuokoteza kwa bibi yake, nami nikamdharau kwa hicho pia. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.

"Hii kadi amefungwa zamani, bibi," alisema. "Haijatumika hata siku moja."

"Kila mwaka nakuja hapa," mama alisema. "Wewe mwenyewe nimekuonyesha."

Kijana hakukataa. Alisema anamkumbuka sana. Bibi huja, huonyesha kadi, wao humkaribisha, kisha bibi hufungua kibeti na kulipa chujio lake kwa pesa taslimu. Walidhani anataka apunguziwe, na wakampunguzia kila mara.

Nilielewa pale pale. Kutoka dukani na kitu cha watu ambacho hujakilipia, kwa mama, ni aibu ya kwenda nayo kaburini. Na kadi? Kabla ya kufika Oman aliishi miaka kwenye nchi za watu, akingoja. Kila mwaka alipeleka karatasi yake ya ukaazi mezani kwa afisa, afisa akaitazama, akamrudishia, na karatasi ikawa hai mwaka mwingine. Hakuna aliyemwambia kuwa hii ya duka haiishi hivyo. Ujumbe nilimsomea mimi, kisha nikabaki garini. Nilitaka kumdharau yule keshia, nikakosa pa kuanzia. Yeye angalau alimpunguzia.

Nikatoa kadi yangu ya benki. Mama akaufunika mkono wangu kwa wake.

"Weka," alisema. "Miaka yote nilikuwa nikikuona kwenye kioo cha duka, umegeuza uso. Umeona haya kusimama na mimi, leo usinilipie."

Hakuinua sauti. Aliifuta kadi kwa ncha ya mtandio, akairudisha kwenye kibeti, akamuaga kijana, akatangulia mlangoni. Hatukununua kitu.

Tulipokaribia Mudhaibi akaniambia nimpigie kaka wa Samail. Nilikuwa naendesha, kwa hiyo nikaiweka simu kwenye spika. Aliyepokea ni mkewe. Alisema mumewe yuko msikitini, akauliza kama kuna jambo, na nyuma yake nikasikia wageni wanazungumza.

Mama alikishika kibeti. "Mwambie mume wako," akasema, "mama yake anaomba."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake. Nilikuwa garini tena, mikono kwenye usukani, naye yuko ubavuni mwangu, na safari hii sikuwa na pa kugeuzia uso.