Kinanda cha Nderitu na Bwana Mizizi

Mkitaka kumjua Nderitu msianze na sura yake, maana sura aliazima kwa mbuzi. Anzeni na kinanda chake. Kilikuwa kile cha kuvuta na kukunja, chenye vifungo vyeupe ubavuni, alichorudi nacho kutoka Bama, vita vya kupigana na Wajapani. Akikivuta Jumamosi jioni pale kambi ya vibarua, Mau Narok, ngano ilirefuka shibiri nzima kabla ya Jumapili. Nani anabisha? Ng'ombe wa Njoro waliruka ua wakaja kusikiliza, na tuliwakamua kabla hawajarudi kwao.

Mimi Truphosa, binti wa mtu wa reli kutoka Bungoma, nilikuwa mfuta vumbi katika nyumba ya mzungu. Nderitu, Mkikuyu, alikuwa dereva wa trekta. Tulicheza mwomboko pamoja: hatua mbili, magoti yanapinda, halafu unageuzwa. Kila nilipogeuzwa nilisema moyoni, huyu ndiye. Yeye hakusema moyoni. Alisema kambi nzima ikisikia.

Kisha mzungu mwenye shamba akafa, mwanawe akaja kutoka Ulaya na masanduku ya vitabu. Tulimwita Bwana Mizizi. Kila Jumapili wenzake wanne walipanda kutoka Nakuru, wakaketi barazani kuongea habari za damu, udongo na mababu. Mimi nilibeba sinia na masikio yangu. Waliamini watu ni kama miche, kila kabila na tuta lake, ukichanganya umeharibu mbegu. Hawakututukana. Walitusifu sana! Walitaka tukae vizuri kama picha ukutani, na nyundo na misumari wabaki nayo wao.

Akatukataza viatu. Akakataza suruali ndefu. Akaigawa kambi: Waluhya huku, Wakikuyu kule, mtu asivuke kwenda kwa ngoma ya mwenzake. Akawa anakula ugali kwa mkono, akisema hicho ndicho chakula cha mababu zetu. Mzee Waithaka, mchunga kondoo, alicheka hadi akakaa chini. "Haya mahindi meupe si aliyaleta babake? Mimi nilikuwa kijana, nikayaogopa!"

Basi jioni moja Bwana Mizizi akashuka kambini, akakuta Nderitu amekivuta kinanda nusu.

"Hii si ngoma yako," akasema kwa Kiswahili chake. "Hii ya watu yangu. Wewe iko na ngoma yako, safi."

Akakipokonya vilevile kilivyo, nusu wazi, akakifungia kwenye kabati la vioo sebuleni. Tangu siku hiyo nikawa nafuta vumbi kwenye kioo, nikitazama pumzi ya Nderitu iliyobaki ndani. Ndiyo, pumzi. Aliyoivuta mwenyewe ilikuwa bado mle.

Mwezi wa tisa, mwaka wa hamsini na mbili, wageni wakaalikwa kuona ngoma ya kale ya Wakikuyu. Nderitu akavua kofia. "Tukiwafurahisha, Bwana, nirudishiwe kinanda changu?"

"Ikiwa safi, mimi tarudisha."

Hapo ndipo shida. Vijana hawakuijua ngoma ya kale. Waithaka aliijua, lakini alikataa. "Ile ni ya kushukuru mavuno ya mtama. Mtama uko wapi hapa? Nikiicheza bure, nitakuwa nawadanganya waliokufa."

"Basi tuwadanganye walio hai," Nderitu akasema. "Tuvae ngozi, tucheze mwomboko. Kinanda tutakipiga kwa mdomo."

Tukatoa ngozi za ndama ghalani. Mimi Mluhya nilikatazwa, lakini nilijifunika mpaka masikio, nani angeniona? Tukacheza mbele ya baraza, hatua mbili, magoti, geuka, wanaume wakivumisha midomo kama nyuki elfu. Mgeni mmoja akatoa daftari. Bwana Mizizi akafuta macho. "Mnaona? Hakuna Ulaya hata chembe!"

Lakini mama yake, Memsabu Mzee, alikuwa akigonga fimbo sakafuni. Mara akaitupa, akateremka ngazi, akamshika Nderitu mkono. Hatua mbili, magoti, akageuzwa! Hakukosea hata moja.

"Mama, unafanya nini?"

"Nacheza ngoma ya kwetu," akamjibu. "Bibi yangu alinifundisha huko Uskoti, ghalani. Hawa wameongeza magoti tu, na imependeza."

Yule wa daftari akalifunga. Bwana Mizizi akaiva kama nyanya. "Kinanda hakitoki!"

Nderitu akaniambia, "Truphosa, usikichoke. Kipanguse mpaka nije nikichukue."

Hakupata nafasi. Mwaka uliofuata, siku za hali ya hatari, lori la askari lilikuja kuwabeba Wakikuyu wote, kuwarudisha kwao. Nilikimbia sebuleni, kabati lilikuwa na kufuli. Nilipotoka niliona mgongo wa lori, na mkono mmoja hewani ukivuta na kukunja, ukivuta na kukunja.

Nilifuta vumbi miaka mitano. Siku Memsabu Mzee alipoondoka kurudi kwao, alichukua ufunguo mfukoni mwa mwanawe aliyelala, akanipa kinanda. "Usikifunge," akaniambia. Kumbe naye alijua habari ya ile pumzi.

Mwaka wa hamsini na nane watu walianza kurudi mmoja mmoja. Kila Jumamosi nilikifunga mgongoni kwa shuka, nikaenda stesheni ya Nakuru. Wauza ndizi wakanitania.

"Truphosa, mtoto gani huyo asiyelia?"

"Atalia akimwona babake."

Treni zilikuja, nikahesabu kofia zote. Nikamwona Waithaka akishuka, amekonda. "Nderitu?" nikamuuliza. Akatikisa kichwa. "Tulitenganishwa huko Karatina, mama. Sijui."

Nikarudi na mvua. Kwenye mteremko wa kambi nikateleza, nikaangukia mgongo, na kinanda kikatoa pumzi yote: sauti moja ndefu, mwanzo wa ule wimbo wetu. Mbwa wa shamba zima walinyamaza. Nilikaa matopeni nikalia kama mjane ambaye hakuwahi kuolewa.

Halafu nikakifungua shuka, nikakishika pande mbili, nikakivuta mimi mwenyewe polepole mpaka nusu, palepale alipokuwa amekiachia. Nikakifunga tena mgongoni. Jumamosi iliyofuata nikaenda stesheni. Akishuka, atakuta pumzi yangu.